Kompyuta Ikikuonya Kuhusu Programu Yetu, Isikize

Umewahi kusasisha programu kwenye kompyuta ya duka, halafu badala ya kufunguka ikakuletea dirisha la buluu linalosema Windows imeilinda kompyuta yako? Kama unatumia programu yetu ya biashara, huenda uliliona dirisha hilo miezi michache iliyopita. Kosa lilikuwa letu. Leo tunataka kukueleza lilitokeaje, na kwa nini kosa la pili, tulilofanya tukijaribu kurekebisha la kwanza, lilikuwa baya zaidi.

Ni habari ya wahandisi, tunajua, lakini usiondoke bado. Ndani yake kuna pesa zako.

"Hii nayo nipite?"

Ilikuwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Tulitoa toleo jipya la programu ya kompyuta, ile ambayo wenye maduka hutumia kuona malipo ya tili yakiingia, kulipa wanaowaletea bidhaa na kuchapisha taarifa ya mwezi bila kuhangaika na skrini ndogo ya simu. Tulikuwa tumeifanyia kazi kwa muda mrefu na hata mabango ya kuitangaza yalikuwa tayari.

Kufikia saa nne asubuhi, laini za huduma kwa wateja zilikuwa zimejaa. Wenye Windows waliona dirisha la buluu, na mahali pa jina la mwenye programu pameandikwa "Unknown publisher", yaani mwenyewe hajulikani. Wenye Mac waliambiwa programu imeharibika, waitupe. Wengi walidhani ni wao walipakua vibaya. Wakapakua tena, na tena, hadi bando likaisha.

Sisi tulijua programu ni salama, kwani tuliitengeneza wenyewe. Kwa hivyo Jumanne tulituma SMS kwa wateja wote wa programu hiyo: dirisha likitokea, msijali, bonyeza "More info" halafu "Run anyway". Malalamiko yakapungua. Tukapumua.

Jumatano mchana, mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kitale akapiga simu.

"Kijana wangu, hiyo programu mliyonitumia leo kwa WhatsApp imeleta lile dirisha tena. Hii nayo nipite?"

Kijana wetu aliyepokea simu alikuwa na karatasi ya majibu mbele yake. Karatasi ilisema ndiyo, apite. Tuliiandika sisi. Bahati nzuri, neno WhatsApp lilimkwama sikioni.

"Mama, nani amekutumia?"

"Si ni nyinyi? Mtu wenu amenipigia, ameniita kwa jina, akasema ile ya Jumatatu ilikuwa na shida na hii ndiyo imerekebishwa."

Hatukuwa tumempigia mtu yeyote wala kutuma faili yoyote kwa WhatsApp. Matapeli walikuwa wamepata SMS yetu, wakaona tumeshawafanyia kazi ngumu. Kawaida, tapeli anayetaka uweke programu yake kwenye kompyuta yako ana kikwazo kimoja kikubwa: kompyuta yenyewe itakuonya. Sisi tulikuwa tumewafundisha wateja kupuuza onyo hilo, tena kwa jina letu.

Yule mama hakupita. Alifuta faili na pesa zake zikabaki salama. Lakini mteja mwingine, mwenye duka la jumla, alikuwa ameshapita asubuhi hiyo na kuandika nywila yake kwenye programu ya uongo. Alitupigia jioni alipoona nywila imebadilishwa. Tulizuia akaunti yake kabla pesa hazijatoka, lakini alikaa siku mbili bila kuweza kulipa wanaomletea bidhaa, mwisho wa mwezi, na lori la unga likiwa limesimama nje. Tulimwomba msamaha yeye binafsi. Leo tunaomba msamaha kwenu nyote.

Saini ya programu ni kitu gani?

Unapotuma pesa kwa simu, kabla hujathibitisha unaletewa jina la mpokeaji. Ukiona jina usilolijua, unasimama. Programu za kompyuta nazo zina kitu kama hicho, kinaitwa saini ya kidijitali.

Inafanya kazi hivi. Programu ikishakamilika, kompyuta ya mtengenezaji hupiga hesabu juu ya faili nzima, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na kutoa namba fupi ambayo ni kama alama ya kidole ya faili hiyo. Badilisha herufi moja tu mahali popote, na alama inakuwa nyingine kabisa. Kisha mtengenezaji hufunga alama hiyo kwa ufunguo wa siri ambao anao yeye peke yake. Hapo programu imesainiwa.

Kwako wewe kazi inarudi kinyume. Kompyuta yako hupiga hesabu ileile, kisha hutumia ufunguo wa wazi wa mtengenezaji kulinganisha. Zikilingana, imejua mambo mawili: nani alisaini, na kwamba hakuna aliyegusa faili tangu isainiwe. Zisipolingana, au kama hakuna saini kabisa, unaletewa onyo.

Je, kompyuta inajuaje kwamba huo ufunguo ni wetu kweli na si wa mtu aliyejiita sisi? Kuna kampuni za vyeti ambazo Windows inaziamini. Kampuni hiyo hukagua stakabadhi za biashara yako, ikuhakikishe, ndipo ikupe cheti chenye jina lako. Kwa Mac, kazi hiyo hufanywa na Apple yenyewe. Ni kama alama ya ubora ya KEBS kwenye pakiti ya unga. Mtu yeyote anaweza kuchora ile alama, lakini chini yake kuna namba ya kibali ambayo unaweza kuituma kwa SMS hadi 20023 ukajua ni ya nani.

Kwa hivyo nini kilivunjika?

Programu yetu ya kompyuta imejengwa juu ya Electron. Hii ni fremu ya kujengea programu ambayo ndani yake imebeba Chromium, injini ileile iliyo ndani ya kivinjari cha Chrome. Ukitumia Electron, kazi moja ya kuandika programu inatosha Windows na Mac pamoja. Bei yake ni kwamba lazima uisasishe kila mara. Watengenezaji wa Electron hushughulikia matoleo makuu matatu ya karibuni tu. Ukibaki nyuma, mianya ya usalama inayozibwa kwenye Chromium haizibwi kwako.

Sisi tulikuwa tumebaki nyuma kwa miaka. Kusasisha kulikuwa jambo la lazima na la haki. Tatizo ni kwamba tulibadilisha fremu, lakini hatukubadilisha jinsi tunavyoifunga na kuisaini programu baada ya kuijenga. Mambo matatu yakatupata kwa pamoja.

La kwanza lilikuwa la Mac. Programu ya Electron kwenye Mac si faili moja. Ni sanduku, na ndani ya sanduku kuna programu ndogo za kusaidia. Zamani msaidizi alikuwa wa aina moja. Kuanzia Electron toleo la 6, lililotoka 2019, wakawa wanne: wa kawaida, wa kuonyesha kurasa, wa michoro na wa programu za nyongeza. Kila mmoja anatakiwa asainiwe kivyake, na wengine wanahitaji vibali maalum ili injini iweze kufanya kazi yake ndani ya ulinzi wa Mac. Orodha yetu ya zamani ilimjua msaidizi mmoja tu.

Tena kuna utaratibu. Mac inataka vitu vya ndani visainiwe kwanza, halafu vya nje. Fikiria unatuma mzigo kwa basi kutoka Nairobi kwenda Busia. Unafunga paketi ndogo, unaziweka kwenye katoni, unafunga katoni, unaitia kwenye gunia, ndipo unashona gunia. Ukishashona halafu ukumbuke kuna paketi ambayo haijafungwa, huna njia ya mkato. Unachana gunia, unarekebisha, unashona upya. Sisi tulishona gunia, kisha tukaingiza mkono ndani kurekebisha paketi. Mac ilipopiga hesabu ikakuta gunia limefunguliwa, ndiyo maana ikasema programu imeharibika.

La pili lilikuwa pia la Mac. Tangu macOS Catalina ya 2019, saini peke yake haitoshi kwa programu inayopakuliwa nje ya duka la Apple. Lazima uitume kwa Apple ikaguliwe na mashine zao, nazo zikiridhika zinaipa idhini. Njia tuliyokuwa tukitumia kutuma ilifungwa na Apple tarehe 1 Novemba 2023, na wenye programu wakatakiwa kutumia chombo kipya. Toleo letu la mwisho la Mac tulilitoa kabla ya tarehe hiyo. Kwa hivyo tuliufikia mlango wa zamani tukaukuta umefungwa, na tulikuwa na haraka ya kutoa toleo, basi tukatoka bila idhini.

La tatu lilikuwa la Windows, na ndilo linalotuuma zaidi kwa sababu lilikuwa rahisi kuzuia. Zamani ufunguo wa siri wa kusaini ulikuwa faili kama faili nyingine, uliweza kuunakili kwenye flashi. Ni hatari, kwani anayeiba faili hiyo anaweza kusaini kwa jina lako. Kwa sababu hiyo, kuanzia tarehe 1 Juni 2023, kampuni za vyeti zilitakiwa kuhakikisha ufunguo mpya unakaa ndani ya kifaa maalum kisichotoa siri yake, mfano wa flashi yenye kufuli, au kwenye huduma ya mtandaoni yenye ulinzi kama huo. Cheti chetu cha zamani kilipoisha muda, kipya kikaja na kifaa. Kifaa kikakaa kwenye droo ofisini. Lakini mashine inayofunga programu yetu iko mbali, kwenye seva ya kukodi, na hiyo huwezi kuichomeka kitu.

Mashine ilitafuta ufunguo, ikaukosa. Ungetarajia isimame ipige kelele. Haikusimama. Iliandika mstari mmoja katikati ya mamia kwamba imeruka hatua ya kusaini, ikaendelea hadi mwisho, ikatupa alama ya kijani. Tukaona kijani, tukatangaza.

Na majaribio je? Tulijaribu, lakini kwenye kompyuta zetu wenyewe, ambako tulikuwa tumeizoea programu na kuiruhusu zamani. Hakuna aliyechukua kompyuta mpya, akaenda kwenye tovuti kama wewe, akapakua na kufungua. Kazi ya dakika kumi.

Saini inathibitisha nini, na nini haithibitishi

Hatutaki uondoke hapa ukidhani kwamba programu yenye saini ni salama daima. Mwaka 2017, programu maarufu ya kusafisha kompyuta iitwayo CCleaner ilivamiwa kabla haijafika kwa watumiaji. Wahalifu waliingia mahali inapotengenezwa, wakapachika kirusi, na toleo hilo likatoka likiwa na saini halali kabisa. Kompyuta takriban milioni 2.27 zililipokea. Kompyuta hazikuonya, kwa sababu kwa upande wa saini hakukuwa na kosa.

Ni sawa na jina linalotokea unapotuma pesa. Likikuambia ni fulani, unajua laini imesajiliwa kwa nani. Haikuambii kama huyo fulani atakuletea sofa uliyolipia. Lakini je, utaacha kusoma jina kwa sababu hiyo? Hapana. Jina ni swali la kwanza, na jibu baya la swali la kwanza linatosha kukusimamisha.

Jambo lingine: hata programu iliyosainiwa vizuri inaweza kuletewa dirisha la buluu siku zake za kwanza, hasa kama cheti ni kipya, kwa sababu Windows hupima pia kama faili hiyo imeshapakuliwa na watu wengi bila shida. Tofauti ni kwamba hapo utaona jina la mwenye programu limeandikwa, si "Unknown publisher". Lakini kwetu sisi hata hapo, simama kwanza uulize.

Wewe unayetumia simu tu

Labda umesoma hadi hapa ukijiambia, mimi sina kompyuta. Simu yako ya Android inafanya kazi hiyohiyo kimyakimya. Kila programu kwenye Android lazima isainiwe, na simu inakumbuka saini ya ile uliyonayo. Ukiletewa toleo jipya la programu hiyohiyo lenye saini ya mtu mwingine, simu inalikataa.

Ndiyo sababu matapeli wana maneno yao mawili. La kwanza: "Futa kwanza ile ya zamani, ndipo hii itakubali." Sasa unajua kwa nini. Ya zamani ikiwepo, simu ina cha kulinganisha. Ukiifuta, umemfukuza shahidi. La pili: "Ruhusu WhatsApp iweke programu." Simu haikuomba ruhusa hiyo bure. Inajua programu inayokuja kwa ujumbe haijapita dukani.

Ukisikia lolote kati ya hayo mawili, kata simu. Hata kama anakujua jina. Hata kama anajua tili yako, kwani hiyo umeibandika ukutani kila mtu aione.

Tumebadilisha nini

Mashine yetu sasa inasimama ikikosa saini. Hakuna saini, hakuna faili. Ufunguo wetu umehamia kwenye huduma yenye ulinzi ambayo mashine inaweza kuifikia, na watu wanaoweza kuutumia ni wachache na wanajulikana. Kila saini tunaigonga muhuri wa wakati kutoka kwa seva huru, ili cheti kikiisha muda kesho, programu uliyosakinisha leo ibaki halali. Na kabla ya kutoa toleo lolote, mtu mmoja huchukua kompyuta ambayo haijawahi kuiona programu yetu, akaipakua kutoka kwenye tovuti kama mteja mwingine yeyote.

Karatasi ya majibu nayo tumeichana. Mpya ina sheria moja inayotufunga sisi kuliko wewe: hatutawahi kukuambia upite onyo la usalama. Si kwa SMS, si kwa simu, si dukani. Kama programu yetu imeleta onyo, tutakuambia usubiri hadi tuirekebishe, hata kama ni mwisho wa mwezi. Na anayekuambia upite, akijiita sisi, basi si sisi.

Ufanye nini onyo likitokea

Simama. Usibonyeze kitu kwa haraka, dirisha halina saa ya kuhesabu.

Jiulize faili imetoka wapi. Kama imekuja kwa WhatsApp, kwa barua pepe au kwa flashi ya mtu wa saiba, ifute. Programu yetu ya kompyuta inapatikana kwenye tovuti yetu tu, na anwani uiandike mwenyewe badala ya kubonyeza kiungo ulichotumiwa.

Soma jina. Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha tafuta sehemu ya "Digital Signatures". Ukikuta jina la kampuni yetu kama lilivyo kwenye mkataba wako wa tili, vizuri. Ukikuta jina jingine, au sehemu hiyo haipo kabisa, usifungue.

Piga simu kwa nambari iliyo kwenye kibandiko cha tili yako dukani. Usitumie nambari iliyokupigia wala iliyoandikwa kwenye ujumbe.

Kama ulishapita na sasa una wasiwasi, usione haya. Tupigie mara moja tuzuie akaunti, kisha ubadilishe nywila na PIN ukitumia kifaa kingine. Yule mwenye duka la jumla alitupigia jioni ileile, na hiyo ndiyo iliyookoa pesa zake.

Tulimpigia mama wa Kitale kumshukuru, tukamuuliza ni nini kilichomfanya atupigie badala ya kupita, ilhali SMS yetu ilikuwa bado kwenye simu yake. Akasema: "Mara ya kwanza nilipita kwa sababu mliniambia. Mara ya pili nikajiuliza, kwani hii kompyuta itanionya mara ngapi kabla nisikize?"

Tafadhali mwonyeshe makala hii anayekaa kwenye kompyuta ya duka lako, awe ni mtoto wako, karani au wewe mwenyewe.